Kufungua Kilichoshikwa na Kutu

Ni nadra kuikuta nyumba isiyo na kitu cha kale kilichosahauliwa. Pengine ni cherehani ya bibi, pengine ni saa ya ukutani iliyokwisha kusimama, pengine ni taa ya chemli au baiskeli isiyo na mnyororo. Kitu hicho hukaa darini au nyuma ya mlango miaka na miaka, hata siku moja mmoja wa wanafamilia akakitazama kwa huruma na kusema: "Hiki tukifufue." Hapo ndipo lizukapo swali la leo: ukitaka kukifungua kitu kilichoshikwa na kutu, unaanzia wapi, na unakifungua kwa moyo gani?

Ili kulijibu swali hilo tumechagua chombo kimoja ambacho humfundisha fundi kwa ukali kuliko vingine, kwa sababu kinaweza kumjeruhi anayekifungua kwa pupa. Chombo hicho ni bunduki ya upepo ya kale. Wengi wetu hatuna bunduki ya namna hiyo, wala nia yetu si kumshawishi mtu aitafute. Lakini yule aliyeachiwa na mzee wake, au aliyeikuta katika vyombo vya marehemu, ana haki ya kujua la kufanya. Na sisi wengine tutapata humo somo litakalotufaa mbele ya kila kitu kilichokwama.

Tuanze na asili yake. Bunduki ya upepo haitumii baruti. Nguvu yake yote hutoka katika hewa iliyobanwa. Mji wa Birmingham, Uingereza, ulisifika sana kwa kazi hiyo. Huko fundi wa bunduki aitwaye Lincoln Jeffries alipata hataza ya muundo wake mwaka 1904, na mwaka 1905 kampuni ya BSA ikaanza kuzitengeneza bunduki za muundo huo kwa wingi. Kampuni hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1861 na mafundi wa silaha wa mji huohuo, na baadaye ilitengeneza pia baiskeli na pikipiki, hata alama yake ya bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja ikajulikana mbali sana na kwao. Bunduki za muundo wa Jeffries ziliendelea kutengenezwa, pamoja na kusimama wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hata vita vya mwaka 1939 vilipokomesha kazi hiyo. Kwa hiyo, anayeishika mkononi bunduki ya aina hiyo leo ameshika chuma chenye umri wa miaka zaidi ya 80, na pengine zaidi ya 100.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Chini ya mtutu kuna wenzo. Mtu akiuvuta wenzo huo, pistoni iliyo ndani ya silinda husukumwa nyuma, nayo huibana springi kubwa na ngumu. Springi ikikwisha kubanwa, ulimi mdogo wa chuma huizuia pistoni isirudi. Kisha mtu hugeuza koki ndogo iliyo juu, akatia ndani yake kidonge cha risasi chenye unene wa milimita 4.5 au 5.5, akaigeuza koki kuirudisha mahali pake. Akivuta kifyatulio, ule ulimi huachia. Springi huitupa pistoni mbele kwa kasi. Hewa iliyo mbele ya pistoni hubanwa ghafla, hupata joto, hupita katika tundu jembamba na kukisukuma kidonge nje ya mtutu. Yote hayo hufanyika kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua.

Tazameni basi, ndugu wapendwa, mahali ilipo hatari. Haimo katika mtutu peke yake; imo pia katika springi. Hata bunduki ambayo haijavutwa, hata ile iliyolala darini miaka 60, springi yake haijalala. Waliyoiunda waliifunga ikiwa tayari imebanwa kiasi, nayo hungoja. Kutu imeuziba mlango, lakini aliye ndani angali anausukuma. Mtu asiyelijua jambo hilo hufungua skrubu ya mwisho huku uso wake umeinama juu ya chuma, na kizibo humrukia kwa nguvu ya kuvunja jino au kupofusha jicho.

Kwa sababu hiyo kazi haianzi na bisibisi. Huanza na mambo mawili yasiyohitaji chombo chochote.

Jambo la kwanza ni sheria. Kila nchi ina sheria yake juu ya bunduki za upepo, na sheria hizo hazifanani. Hata huko Uingereza zilikotengenezwa, katika England na Wales bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya jouli 16 hivi haihitaji cheti cha silaha; lakini Uskoti, ambayo ni sehemu ya ufalme huohuo, tangu tarehe 31 Desemba 2016 mtu hawezi kumiliki bunduki ya upepo ya kawaida bila cheti. Ikiwa ufalme mmoja una sheria mbili, nani kati yetu atathubutu kukisia? Aliyerithi bunduki ya namna hii na aende kituo cha polisi aulize kabla ya kuigusa, wala asiibebe mkononi njiani kama mwavuli. Kuuliza si woga. Kuuliza ni kumheshimu jirani.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba bunduki haijavutwa wala haina kidonge. Mtutu huelekezwa mahali pasipo na mtu, kidole hukaa mbali na kifyatulio, na wenzo hutazamwa kama umelala mahali pake. Ikionekana kuwa springi imevutwa na kutu imeishika hivyohivyo, basi kazi hiyo si ya nyumbani tena. Ipelekwe kwa fundi wa silaha anayetambuliwa na serikali. Na watoto wasiwepo chumbani, hata kama wanaomba kutazama tu. Watoto hujifunza kwa macho, na mkono wa mtoto hukumbuka jambo ambalo mkubwa amekwisha kulisahau.

Sasa tumtazame adui mwenyewe, yaani kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni ya hewani kwa msaada wa maji. Pasipo na unyevu, chuma hudumu. Penye unyevu na chumvi, huliwa upesi, nayo chumvi haitoki baharini tu bali pia katika jasho la mikono yetu. Ndiyo maana katika silaha za kale kutu hupatikana sana pale mikono iliposhika. Kuna sifa moja ya kutu ambayo kila fundi hana budi kuifahamu: kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo skrubu iliyoshikwa na kutu haikushikwa kama kwa gundi, bali imebanwa pande zote, kama kabari iliyopigwa katika gogo. Mtu akiikaza nguvu, hesi hukatika au kichwa hung'oka, na hapo tatizo la siku tatu limegeuka kuwa tatizo la miezi mitatu.

Je, fundi mwenye busara hufanya nini? Kwanza hutazama. Huiweka bunduki juu ya meza yenye kitambaa safi chini ya mwanga mzuri, akasoma kila alama iliyopigwa juu ya chuma: jina la kiwanda, namba, na tarehe za hataza. Huchora au hupiga picha kila upande. Hutwaa ubao, akauchora umbo la bunduki nzima, ili kila skrubu itakayotoka iwekwe juu ya ubao mahali palepale ilipotoka. Msidhani kwamba huo ni upuuzi. Mafundi wa zamani walilinganisha vipande kwa mkono. Skrubu mbili zinazofanana machoni huenda zikawa hazifanani katika matundu yake. Tena hesi za Kiingereza za wakati ule hazikupimwa kwa milimita. Anayepoteza skrubu moja na kulazimisha mahali pake skrubu ya dukani, ameharibu tundu ambalo kutu ya miaka 80 haikuliharibu.

Pili, hutia mafuta na kungoja. Mafuta membamba ya kufungulia kutu hudondoshwa penye kila skrubu na kila maungio, kidogo kidogo, asubuhi na jioni, kwa siku kadhaa. Kati ya siku na siku, skrubu hugongwa kichwani taratibu kwa nyundo ndogo na kipande cha shaba nyeupe, ili mtikisiko ufungue njia mafuta yapenye. Hapo ndipo watu wengi hushindwa. Si kwamba hawana vyombo, bali hawana siku. Wahenga walikwisha kusema kwamba haraka haraka haina baraka, nasi tuna mazoea ya kuitamka methali hiyo kana kwamba ni ya kuwatuliza watoto. Mbele ya skrubu iliyokwama methali hiyo ni kanuni ya ufundi.

Tatu, huchagua bisibisi inayolingana na mfereji wa skrubu, kwa upana na kwa unene pia. Bisibisi nyembamba hucheza ndani ya mfereji, hupanda juu na kuyavunja mabega ya skrubu. Fundi mwema huinoa bisibisi yake kwa tupa mpaka ikae ndani ya mfereji bila kutikisika, kisha hubonyeza chini zaidi kuliko anavyozungusha. Skrubu ikikataa, huweka bisibisi chini na kurudia mafuta. Nyakati nyingine hujaribu kwanza kuikaza kwa kiasi kidogo sana, yaani kuisogeza kule isikotakiwa kwenda, ili ule mshiko wa kutu ukatike. Baadaye hufunguka kwa upole. Zipo siku ambazo kazi bora kuliko zote ni kukiweka chombo chini na kwenda kulala.

Skrubu za nje zikikwisha kutoka, twafika mbele ya mlango wenyewe. Katika bunduki hizo za BSA, kizibo cha nyuma cha silinda, ambacho hubeba kifyatulio na kitako, kimefungwa kwa hesi. Katika bunduki za aina nyingine kizibo huzuiwa kwa pini. Kwa vyovyote, nyuma yake ipo springi. Fundi huvaa miwani ya kinga na glovu. Huifunga silinda katika jiliwa iliyowekewa ngozi au mbao laini ili chuma kisichubuke wala kubonyea. Kisha hutumia kibanio kirefu cha seremala, akakikandamiza kizibo kisiruke, ndipo hukizungusha au kuitoa pini huku akikilegeza kibanio polepole, mpaka springi iishiwe na nguvu. Uso wake hauwi hata mara moja katika mstari wa springi, wala mtu mwingine hasimami nyuma yake. Na asiye na kibanio asijifariji kwamba mikono yake ina nguvu. Mkono huchoka, springi haichoki.

Tumefungua. Ndani tunakuta nini? Mara nyingi tunakuta jambo la kushangaza: nje kutu nyekundu imetapakaa, lakini ndani, chini ya grisi nyeusi iliyoganda, chuma king'aavu kama siku kilipotoka kiwandani. Grisi ile chafu, ambayo kila mtu angeitupa kwa kinyaa, ndiyo iliyokilinda. Wakati mwingine mambo huwa kinyume chake: nje kumepakwa rangi ya kupendeza, ndani springi imevunjika vipande viwili. Kwa hiyo hukumu juu ya kitu cha kale haitolewi mlangoni. Hutolewa kikiisha kufunguliwa.

Mbele ya pistoni tunakuta kikombe kidogo cha ngozi. Ndicho kinachoizuia hewa isivuje. Baada ya miaka mingi ngozi hiyo hukauka na kusinyaa, na watu husema bunduki imekufa, kumbe kilichokufa ni ngozi ya ukubwa wa sarafu. Ikiwa haikupasuka, hulowekwa kwa mafuta ya kwato za ng'ombe mpaka ilainike. Ikipasuka, hukatwa nyingine ya ngozi nzuri, ikafinyangwa umbo lake na kulowekwa vilevile. Springi iliyopinda au kuvunjika haiungwi kwa kulehemu, hubadilishwa. Wala springi isitiwe katika asidi ili kuondoa kutu, kwa maana asidi huifanya chuma kigumu cha namna hiyo kuwa chepesi kuvunjika, na itakatika siku ambayo hakuna anayeitazamia.

Tena kuna uchafu wa kijivu ndani ya mtutu na kuizunguka koki. Huo ni unga wa risasi, na risasi ni sumu. Lugha yetu ina hekima yake, maana hukiita kidonge kitokacho katika bunduki na madini yaliyokiunda kwa jina lilelile moja. Tukumbuke basi kwamba risasi hudhuru hata bila kupigwa: hudhuru kwa kuingia kinywani kidogo kidogo, na huwadhuru watoto zaidi. Anayefanya kazi hii asile wala asivute sigara mezani; anawe mikono kwa sabuni; vitambaa vyake visifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Sasa tusafishe. Hapa pana jaribu kubwa kuliko yote, nalo ni jaribu la kung'arisha. Mtu hutwaa msasa mkali au mashine ya brashi ya waya, na kwa saa moja chuma chote hung'aa kama kijiko kipya. Hapo hapo jina la kiwanda limefutika, namba haisomeki, na kona zilizochongwa kwa tupa na fundi wa Birmingham zimekuwa duara kama sabuni iliyotumika. Kutu imeondoka, na bunduki imeondoka pamoja nayo. Sheria hapa ni moja: ondoa kutu, usiondoe chuma. Hutumika mafuta na stilwaya laini kabisa, laini kuliko ile tunayosugulia masufuria, kwa mkono mwepesi. Koki nayo haisuguliwi kwa msasa hata kidogo, kwa sababu imechongwa nyembamba upande mmoja ili ikae ndani ya tundu lake bila kupitisha hewa; ukiipunguza unene, umeifungulia hewa mlango ambao hautafungika tena.

Na kuna njia moja ya kale ambayo twapenda kuieleza kwa kituo, kwa sababu inastaajabisha. Vipande vya chuma vyenye kutu nyekundu ya juu juu huoshwa kwa sabuni mpaka mafuta yote yatoke, kisha huchemshwa katika maji safi, kwa mfano maji ya mvua, kwa muda wa nusu saa hivi. Vikitolewa, ile kutu nyekundu imegeuka kuwa nyeusi. Si rangi iliyopakwa. Ni kutu ileile iliyobadilika asili kwa joto la maji: kutoka oksidi nyekundu inayoendelea kula chuma, kuwa oksidi nyeusi iliyotulia. Unga wa juu hufutwa kwa stilwaya laini, mafuta hupakwa, na chini yake hubaki ngozi nyembamba nyeusi inayokilinda chuma. Mafundi wa bunduki kwa vizazi vingi walitumia kanuni hiyohiyo kuzipa silaha nzuri rangi yake ya weusi: kwa makusudi waliiacha kutu ijitokeze kidogo, wakaichemsha, wakaifuta, wakarudia mara nyingi. Kile kilichokuwa mharibifu, kikichukuliwa kwa subira, kikafanywa mlinzi. Njia hii haifai kwa kutu nene yenye magamba, wala haijazi mashimo yaliyokwisha kuliwa. Lakini mahali inapofaa, huacha kila alama ikisomeka.

Kitako cha bunduki hizo kilichongwa kwa mti wa jozi. Nacho kina kumbukumbu zake: mkwaruzo wa ukuta, doa la jasho, pengine herufi za jina zilizochongwa kwa kisu na kijana wa mwaka 1920 na kitu. Kisafishwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kikaushwe, kipakwe mafuta ya kitani kidogo kidogo na kusuguliwa kwa kiganja. Zile herufi ziachwe. Anayezifuta hasafishi, anamfukuza mwenye nyumba.

Hivyo twafikia swali lililo moyoni mwa kazi hii yote. Tunapokitengeneza kitu cha kale, tunataka kiwe nini? Kama tunataka kionekane kana kwamba hakikuishi, tungekwenda dukani tukanunua kipya. Walinzi wa majumba ya makumbusho wana kanuni nzuri: fanya kidogo kuliko unavyoweza, na kila unachofanya kiwe, kadiri inavyowezekana, ni kitu ambacho atakayekuja baada yako ataweza kukitengua. Mafuta na nta hutenguliwa. Msasa hautenguliwi. Mwenye kulikumbuka neno hilo huushika msasa kwa hofu, na hofu hiyo ni njema.

Mwisho ni kurudisha. Vipande hurudi kwa kinyume cha vilivyotoka, kila kimoja kutoka mahali pake juu ya ubao, na springi hurudishwa kwa kibanio kilekile na tahadhari ileile. Mafuta yawe machache. Wako wanaodhani kwamba mafuta yakizidi huleta uhai, wakayamimina mbele ya pistoni. Kumbukeni tulivyosema, kwamba hewa ikibanwa ghafla hupata joto. Joto hilo huweza kuyawasha mafuta yaliyozidi kama yanavyowashwa ndani ya injini ya dizeli. Moshi hutoka, kishindo huongezeka, na springi au ngozi mpya huharibika. Wala bunduki isifyatuliwe tupu bila kidonge kwa mchezo, maana pistoni hugonga mwisho wa silinda bila hewa ya kutosha kuituliza. Ikiisha kukamilika, ihifadhiwe mahali pakavu, ikiwa imelegezwa, chini ya kufuli, kwa namna sheria ya nchi inavyoagiza. Na kama mwenye nayo hana haja ya kuipiga, aiache ipumzike ikiwa kumbukumbu. Chombo kilichotengenezwa vema hakidai kutumiwa.

Ndugu wapendwa, nanyi hasa makatekista mnaokaa na vijana, tumezungumza juu ya chuma, lakini mmekwisha kusikia kwamba hatukuzungumza juu ya chuma peke yake. Kila familia ina jambo lililoshikwa na kutu: ugomvi wa shamba usiotajwa mezani, ndugu asiyesalimiana na nduguye tangu msiba wa baba, mzee ambaye maneno yake ni makali na hakuna ajuaye sababu. Tunaingia na bisibisi isiyolingana, tunazungusha kwa nguvu mbele ya watu, na neno likikatika twasema: "Tulijaribu." Je, tulitia mafuta? Tulingoja siku ngapi? Tuliuliza nini kimebanwa nyuma ya kizibo, kikisukuma kwa miaka yote hiyo, kabla ya kuinamisha nyuso zetu juu yake?

Wafundisheni vijana kwa mikono yao. Mpeni kijana kufuli la zamani, au kengele ya baiskeli iliyokwama, wala si silaha. Mpeni tone la mafuta, bisibisi iliyonolewa vema, na juma zima. Mwambieni kwamba hatasifiwa kwa kuwa wa kwanza kufungua, bali kwa kuwa hakuna kilichovunjika. Siku ya saba, skrubu itakapozunguka bila kelele, atakuwa amejifunza kwa vidole jambo ambalo sisi tumelieleza kwa maneno mengi: kwamba kutu imeharibu vichache, na mikono yenye haraka imeharibu vingi zaidi.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye subira.